Unyayo wa Mjomba Kasiani

Bandari ya Msumbiji, 3 Machi 1910

Kwa mpwa wangu Yuliana,

Salamu nyingi kutoka baharini, nyingi kuliko ndizi za baba yako Yakobo, na yeye mwambie namsalimu. Msalimie dada yangu Anastasia. Mama yangu, ambaye ni bibi yako, mpigie magoti kwa niaba yangu, maana najua bado amenuna. Mimi ni mzima.

Nilipofika Dar es Salaam nilikutana na mchuuzi wa Mkuyuni, kijiji jirani na kwetu, akaniambia umeshakuwa mwali, na kwamba umeingizwa ndani wiki ile ile niliyoondoka. Nilishika kichwa. Nilikuwa nimeshatia sahihi kwa karani wa meli. Najua desturi ya ukoo wetu: mwali hatoki mpaka mjomba wake mkubwa aje amfungulie mlango, akanyage vumbi la kizingitini kwa mguu wa kulia, naye mwali hatua yake ya kwanza akanyage palepale alipokanyaga mjomba. Na mjomba mkubwa ndiye mimi, kwa bahati yako mbaya. Basi nakuahidi nitarudi kabla ya mavuno ya mahindi.

Meli hii ni ya mizigo, lakini juu ina vyumba vichache vya abiria wasio na haraka. Mimi ni boi wao: natandika vitanda, napeleka chai, na mizigo ikizidi nasaidia kushika kamba. Tumepakia katani, nta, ngozi za ng'ombe na magome ya mikoko. Kuna mama mmoja Mdachi mwenye vizimba vya ndege wadogo, na kuna padre anayepeleka kengele ya kanisa huko kisiwa kikubwa cha Bukini. Kengele yenyewe yanifika kifuani. Ulimi wake umefungwa kwa blanketi isije ikalia baharini, maana mabaharia hawataki kusikia kengele isiyo yao.

Bibi yako ataniuliza kwa nini niliondoka jikoni kwa mapadre, mahali penye chakula na kivuli. Mwambie nilichoka kusikia habari za bahari kutoka kwa watu wasiojua kusimulia.

Mjomba wako,
Kasiani

*

Matombo, 20 Aprili 1910

Mjomba wangu Kasiani,

Shikamoo. Huku mvua inanyesha hata kuni zinalia moshi, lakini sote tu wazima. Mama anakusalimu. Baba anasema ndizi zake usizitaje ovyo mbele ya Wareno. Mbuzi wako mweusi amezaa pacha.

Barua yako nusura iungue. Mwali hatakiwi kusikia sauti ya mwanamume, nawe ni mwanamume, kwa hiyo mabibi walikaa kitako kuamua kama barua ni sauti. Mmoja akasema ichomwe. Bibi akaichukua, akaigeuza, akainusa, akaiweka sikioni kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haina mdomo wala haina harufu ya tumbaku. Karatasi si mwanamume. Mpeni mtoto." Nikapewa. Halafu akaketi karibu nami akaniambia nimsomee kwa sauti, maana sauti ni yangu. Sasa mabibi wote wanaijua meli yako, na yule aliyetaka ichomwe ndiye anayeuliza kila asubuhi kama kuna nyingine.

Nakuandikia nikiwa sakafuni, karatasi iko juu ya ungo, mwanga unaingia kwenye ufa wa ukuta upande wa mgomba. Nimetandaza majivu nikachora bahari. Dar es Salaam ni punje ya mahindi, Msumbiji ni kunde, na meli yako ni ganda la karanga. Tafadhali uniambie tarehe unapoondoka mahali, ganda lisikae bure.

Nina maswali. Meli inageukaje ikiwa haina barabara? Moshi wake unanuka kama wa gari la moshi la Morogoro? Wale ndege wa mama Mdachi wanaimba, au bahari imewanyamazisha? Mnajisaidia wapi? (Hili ni la Bibi.)

Na kubwa kuliko yote: nitakapotoka nitakanyaga unyayo wako, kwa hiyo nataka kujua unyayo huo umepita wapi. Kila bandari unayoshuka niambie ardhi yake ina rangi gani.

Mpwa wako aliyemo ndani,
Yuliana

*

Nosi Be, upande wa Bukini, 30 Mei 1910

Mpwa wangu Yuliana,

Salamu kwa wote, na hao mabibi pia. Mbuzi wale pacha mmoja ni wako. Barua yako ilipitia mikono ya mawakala watatu, imechakaa kama noti ya sokoni, lakini niliisoma yote.

Meli inageuka polepole, kama mzee aliyeitwa na mtu asiyempenda. Moshi unanuka zaidi ya ule wa Morogoro na unaingia mpaka kwenye mkate. Ndege wanaimba, ila asubuhi tu kabla mitambo haijaanza. Jibu la swali la Bibi ni kwamba kuna mahali, na pana upepo mwingi.

Sasa nikuchekeshe. Pale Majunga, bandari ya Bukini, padre alitaka kengele yake iteremshwe mashuani. Kulikuwa na mvua na kamba zilikuwa zimelowa. Tulipoinyanyua, kamba ikateleza, kengele ikarudi chini sitahani, blanketi likachanika, nayo ikalia mara moja tu: ngooo! Bandari nzima ikageuka. Wachukuzi pale gatini wakavua kofia. Mpishi wetu Mgoa alipiga magoti na sufuria mkononi akidhani ni muujiza. Watu walicheka, nami nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mimi ndiye niliyekuwa karibu nayo kuliko wote, kwa hiyo niliisikia vizuri sana.

Tangu hapo nimepandishwa cheo. Sipeleki tena chai wala sishiki kamba. Niko jikoni, nimekaa juu ya kigoda, namenya viazi. Hebu niambie ni nani Matombo anayefanya kazi amekaa, isipokuwa karani?

Nosi Be ni kisiwa cha vilima vya kijani kama kwetu, hata nilimeza mate. Harufu ya vanila inatoka nchi kavu inafika hadi kwenye meli. Wanawake wanakuja kwa mitumbwi wamepaka nyuso zao rangi ya manjano, wanauza ndizi fupi nene, wanashushiwa kikapu kwa kamba, wanatia ndizi, kinapandishwa. Wanatukana vizuri pia. Nimejifunza matusi mawili, nitakufundisha ukishaolewa.

Mzigo umetuita Seilani, kisiwa cha mbali mashariki. Mavuno nitachelewa kidogo. Nisamehe.

Kasiani

*

Matombo, 18 Julai 1910

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mahindi yamevunwa yako darini. Bibi ameng'oka jino la mwisho la juu na amelizika mwenyewe nyuma ya nyumba. Mtawa wa misheni alikuja kunitaka nirudi darasani, wakasimama na Bibi mlangoni wakisemezana, huyu kwa Kiswahili cha Ulaya, huyu kwa Kiluguru kitupu, na wote wawili walishinda.

Nilicheka habari ya kengele. Bibi hakucheka. Alisema, "Isome tena pale iliporudi chini." Nikasoma. Akaondoka akaenda kupepeta.

Mjomba, umejibu maswali yote, hata la choo, lakini la ardhi umeliruka. Nimesoma barua zako tena na tena, sina kazi nyingine. Harufu ya vanila inakufikia melini. Ndizi zinakuja melini. Wanawake wanakuja melini. Wewe unakwenda wapi? Nosi Be nimeiweka kwa mbegu ya boga, lakini sijui kama niiweke juu ya udongo mwekundu au mchanga.

Nina habari nyingine ambayo mama alitaka nisikuandikie. Mjomba Petro, mtoto wa dada yake Bibi, ambaye ndiye anayekufuata wewe kwa cheo, amekuja na wazee. Wanasema mjomba aliyeondoka bila kuaga, akaahidi mavuno na mavuno yakapita, huenda hayupo duniani. Unajua desturi: mjomba akifa, fimbo yake inatolewa kwenye makuti ya paa na kulazwa kizingitini. Mwali anairuka, anatoka. Siku hiyo hiyo anayefuata anapewa jina la mjomba na mahali pake pa kuketi, na mjomba aliyekufa analiliwa matanga. Mjomba Petro hana ubaya. Amechoka tu kuulizwa na watu wa Paulo, yule seremala wa misheni aliyeleta posa.

Nimewaambia wangoje. Niambie tarehe.

Yuliana

*

Kolombo, Seilani, 2 Septemba 1910

Mpwa wangu,

Nakusalimu, na mama yangu nampa pole ya jino. Petro msalimie, mwambie makuti ya paa langu ayaache.

Hapa Kolombo kuna kunguru wasio na adabu hata kidogo. Wanaingia jikoni kwa dirisha la duara, wanachagua nyama, wanaacha mfupa. Tumepakia mchele na masanduku ya chai, na kila sanduku linaposhushwa tumboni mwa meli linatoa pumzi yenye harufu kama majani makavu baada ya mvua ya kwanza. Watu wa hapa ni weusi kama sisi lakini nywele zao zimelala. Vinyozi wanapanda melini, wauza vito wanapanda melini, hata mtu mwenye nyoka kikapuni alipanda melini, akapuliza zumari, yule mama Mdachi akajifungia chumbani na ndege wake mpaka jioni. Amegoma kushuka bandari yoyote, yule mama. Anasema bandari zote zinafanana. Nilitamani nimtikise.

Kuna abiria mpya, mzee anayerudi kwao baada ya miaka mingi. Anauliza kila siku tuko wapi, akiambiwa anasikitika.

Kuhusu ardhi, mwanangu, ardhi ni ardhi tu. Ya huku ina rangi ya ardhi.

Meli inarudi pwani yetu, halafu haijulikani. Tarehe siijui.

Kasiani

*

Matombo, 5 Novemba 1910

Mjomba Kasiani,

Shikamoo. Nyumbani ni wazima. Mimi ni mzima. Sasa nikuulize.

Baba alikwenda Morogoro kuuza kabichi na vitunguu. Stesheni akakutana na mpagazi aliyetoka Dar es Salaam, akamsikia akisimulia habari za mama wa Kidachi mwenye vizimba vya ndege, aliyekuwa ndani ya meli ya mizigo bandarini mwezi wa kumi. Meli ilikaa siku kadhaa ikishusha mchele. Mpagazi alishusha mchele huo yeye mwenyewe.

Mjomba, gari la moshi kutoka Dar es Salaam linafika Morogoro siku hiyo hiyo. Ulikuwa karibu nasi kuliko ulivyokuwa tangu uondoke. Hukushuka, hukuandika, hukutuma hata salamu kwa mdomo. Baba hakutaka kuniambia. Nimemsikia kupitia ukutani akimwambia mama, na mama akalia.

Mimi sikulia, nilikasirika. Nililifuta ganda la karanga kwa mguu, pamoja na Seilani yote. Baadaye nikalirudisha kwa sababu bila hilo sina pa kutazama humu ndani.

Watu wa Paulo wamesema masika ndiyo mwisho wao. Na Paulo namtaka, mjomba, sikufichi. Nilimwona kabla sijaingia, amebeba mbao peke yake huku anaimba vibaya. Wazee wamekuja tena na habari ya fimbo. Basi sema: una nini? Umeoa huko? Umefungwa? Umetuchoka?

Yuliana

*

Bombei, 12 Desemba 1910

Mpwa wangu Yuliana,

Sikuoa. Sikufungwa. Na kuwachoka, hapana, hata siku moja.

Ni kweli tulitia nanga Dar es Salaam. Nilisimama sitahani nimeshika chuma nikitazama gati, na watu, na punda mmoja aliyekataa kwenda. Nilimtazama yule punda mpaka wakamwondoa. Nisingeweza kushuka. Usiniulize zaidi, maana kuna mambo mwali haambiwi.

Bombei ni kubwa mno. Moshi wa viwanda vya nguo umesimama juu ya mji kama paa. Tumepakia majora ya kaniki na merikani, na harufu yake mpya imenikumbusha Krismasi kwetu. Abiria wote wameshuka kutembea, pamoja na yule mzee anayesikitika. Tumebaki mimi na mama wa ndege. Amenifundisha kuwapa mtama. Mmoja hula mkononi mwangu.

Sasa sikia neno langu kama mjomba. Toka. Petro alaze fimbo, wewe iruke, uolewe na huyo mwimbaji wako mbaya. Mahali pangu Petro apachukue, ni mtu mwema, na kichwa chake kimetulia kuliko changu. Nihesabuni sipo. Sitaki ukae gizani kwa ajili ya mguu wangu.

Kasiani

*

Matombo, 20 Januari 1911

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo, baba hajambo, pacha wa mbuzi wameshakuwa wakubwa. Bibi niliposoma barua yako alitoka nje. Nilimsikia akipasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Sitoki kwa fimbo.

Nikuambie jambo ambalo nimekuficha. Tangu Julai si wazee wanaoningojesha. Wazee walikuwa tayari, fimbo walishaishusha kutoka kwenye paa, ikalazwa pale mlangoni, na kina mama wakapiga vigelegele. Mimi ndiye niliyekaa chini nikagoma. Mara mbili. Nikiiruka ile fimbo, wewe umekufa. Utarudi siku moja na kikapu chako, utakuta umeshaliliwa, mahali pako pana mtu, na hakuna atakayekuita kwa jina lako. Na mimi najua u hai, kwa sababu mtu aliyekufa hawezi kuandika habari za punda. Kwa hiyo nilipokuandikia "nimewaambia wangoje", maana yake ilikuwa hiyo. Ngozi yangu imekuwa nyeupe kama ya kiazi kilichosahauliwa. Si rahisi, mjomba. Siku nyingine naona kuta zinanisogelea. Lakini sitoki kwa fimbo.

Umeandika "kwa ajili ya mguu wangu". Hukuandika "kwa ajili yangu". Nimelitazama neno hilo kwa siku nyingi.

Nimewaza hivi. Kama huwezi kuja, uje unyayo wako. Chukua turubai la melini, paka mguu wa kulia lami au masizi, kanyaga, unitumie. Tutalitandika kizingitini. Mabibi watabishana, waache wabishane. Huna haja ya kunieleza chochote. Kanyaga tu.

Mpwa wako, ambaye bado yumo ndani,
Yuliana

*

Unguja, 3 Machi 1911

Mpwa wangu Yuliana,

Leo umetimia mwaka tangu nikuandikie barua ya kwanza. Tunapakia karafuu na mbata, na meli nzima inanukia kama mwanamke anayekwenda harusini. Mama wa ndege ameshuka, hatimaye. Aliniachia yule mmoja anayekula mkononi.

Sikujua kuhusu Julai. Niliposoma niliweka kisu chini, na mpishi aliniuliza ni kitunguu au ni nini. Nilimwambia ni kitunguu.

Turubai hilo hapo. Nimepaka lami. Nilikanyaga mara moja tu, kama ulivyosema. Samahani, upande mmoja lami haikushika vizuri, turubai lilikuwa na mkunjo, kwa hiyo huenda unyayo ukaonekana haukukamilika. Ni lami tu. Kama wazee watasema ni mkosi kwa mwali kukanyaga unyayo uliopungua, na najua watasema, kwa sababu nami nililelewa na mabibi hao hao, basi usiukanyage. Sikiliza wazee. Sitaki kitu changu chochote kiwafuate watoto wako.

Kasiani

*

Matombo, 2 Aprili 1911

Mjomba Kasiani,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nje, chini ya kivuli chembamba cha mgomba, na jua linanichoma macho mpaka nalazimika kufumba jicho moja.

Nitakueleza yote. Turubai lilifika na baba Jumamosi. Mjomba Petro na wazee walikuja. Lilipofunguliwa pale kizingitini, wote waliinama kulitazama. Kisigino chako kipo, wayo upo, kidole gumba na viwili vinavyofuata. Halafu hakuna kitu. Na mkunjo haupo, mjomba. Nimeligeuza turubai pande zote, limenyooka kabisa.

Bibi alipiga magoti akaweka kiganja chake juu ya lami. Akapapasa kila mahali taratibu. "Huyu ni wangu," alisema. "Kisigino hiki kina kovu la jembe, mimi ndiye niliyelifunga." Akafika pale pasipo na kitu, mkono wake ukasimama. Kisha akaniuliza mimi, si wazee, "Ile kengele iliporudi chini, ilirudi chini wapi?"

Nikamjibu, "Juu ya mguu wake, Bibi."

Mama akaanza kulia. Mjomba Petro alisema kwa upole, kwa kweli kwa upole, kwamba unyayo uliokatika haukanyagwi, ni mkosi kwa uzazi. Na tena, akasema, kama Bibi mwenyewe aliamua karatasi si mwanamume, vipi turubai limekuwa mjomba? Bibi akamwambia, "Karatasi aliandika, na kaandika uongo mwaka mzima, mtoto mjinga huyu. Hapa alikanyaga. Unamwona alivyo." Mabibi wakaingilia, na wazee wakaingilia, kila mtu akawa na la kusema kuhusu vidole.

Walikuwa bado wanabishana nilipotoka.

Niliweka mguu wangu wa kulia juu ya wako. Pale penye vidole vyako, vidole vyangu viligusa lami. Pale pasipo na vidole vyako, vidole vyangu viwili viligusa turubai tupu. Lilikuwa baridi kidogo. Hayo tu ndiyo yaliyotokea, mjomba. Hakuna mkosi ulioruka. Nilisimama hapo, nikaona mlima, nikaona watu wote wamenikodolea macho, kisha mama yangu akapiga kigelegele na ngoma ikaanza mahali fulani nyuma. Mjomba Petro aliokota fimbo yako na kuirudisha mwenyewe kwenye makuti. Aliisukuma ndani kabisa.

Sasa najua kwa nini bandari zote zilikuja kwako na wewe hukwenda kwenye bandari hata moja. Ulimenya viazi umekaa kwa sababu hukuweza kusimama. Ulipita Dar es Salaam kwa sababu ulidhani utaniletea mkosi. Nimekukasirikia sana, na nakupenda, na vyote viwili nataka uvijue.

Harusi inakungoja. Paulo alisema atakuchongea kiatu cha mti, akasahau na kuanza kuimba. Njoo na mguu wako ulivyo.

Na bado hujanijibu swali langu.

Yuliana

*

Stesheni ya Morogoro, 29 Aprili 1911

Mpwa wangu Yuliana,

Nampa barua hii mchuuzi anayekwenda Mkuyuni, kwa kuwa yeye anatembea haraka na mimi sitembei haraka tena. Nitalala njiani, nitafika siku nitakayofika. Mwambieni mama yangu asipasue kuni nyingine. Ndege yupo nami kizimbani, anaimba mchana kutwa tangu tulipoondoka baharini.

Nilishuka Dar es Salaam kwa ngazi, nimeshikwa mkono na mpishi, naye akalia kunizidi. Uliniuliza kila bandari ardhi yake ina rangi gani, nami sikujua hata moja. Ya Dar es Salaam, pale gatini, ni mchanga mweupe uliochanganyika na makaa ya mawe.

Ya hapa ni nyekundu. Nimevua viatu vyote viwili ili nikujibu vizuri.

Mjomba wako,
Kasiani